Kuku Wanne Wekundu

Kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo mbele ya kikanisa kilikohoa mara mbili, kikapiga tarumbeta za dakika moja kama ilivyo desturi, kisha kikatoa sauti ya Mwenyekiti Radomír Pešek. Wakati huo Blažena Dolejšová alikuwa amekaa kwenye kigoda chake zizini, ndoo katikati ya magoti, paji la uso limeegemea ubavu wa Malina. Malina aliposikia tarumbeta alitikisa sikio moja. Kwa miaka tisa ameyasikia matangazo ya Horní Strouhy, na hakuna hata moja lililowahi kumpunguzia maziwa.

"Wananchi wapendwa," kilisema kipaza sauti, "Jumamosi saa nne asubuhi tutatembelewa na kamati ya mashindano ya Kijiji Bora cha Mwaka. Kila mwenye nyumba akate nyasi. Kuni ziondolewe barabarani. Madirisha yawe na maua. Wenye mbwa wawafunge. Na wenye samadi waondoe samadi."

Alois, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni, amejiegemeza kwenye fimbo kwa sababu ya nyonga yake mbovu.

"Wenye samadi," alisema. "Tuko wangapi hapa kijijini?"

"Mimi, wewe na Malina," Blažena alijibu bila kuinua kichwa.

"Basi si angetaja tu majina. Watu arobaini anawasumbua kwa ajili ya watatu."

Na kweli walikuwa watatu tu. Horní Strouhy katika karatasi zote za halmashauri ni kijiji cha wakulima, na katika fomu ya mashindano Mwenyekiti aliandika hivyo hivyo, tena kwa herufi nene. Lakini mashamba yote hulimwa na kampuni moja ya mjini, kwa matrekta makubwa yanayopita alfajiri na dereva asiyemsalimia mtu. Nusu ya nyumba ni za watu wa mji mkuu, Praha, wanaokuja Ijumaa kupumua na kuondoka Jumapili wakiwa wamechoka kupumua. Waliobaki hununua maziwa ya pakiti dukani. Wakulima walibaki Blažena na Alois, ng'ombe alibaki Malina, na wa nne tumhesabu Mtakatifu Vendelín, mlinzi wa mifugo, aliyesimama juu ya mlango wa kikanisa na ng'ombe wa mawe miguuni. Mwaka huo walimpaka dhahabu upya, yeye na ng'ombe wake. Ng'ombe wa mawe alipata dhahabu hadi kwenye kwato.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe Jumanne alasiri. Alisimama uani akiangalia mahali pa kukanyaga, maana viatu vilikuwa vipya. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Bi Blažena, nimeona nije mimi, nisiwaletee kwa posta kama watu baki."

"Karibu ukae, Radomír. Kahawa?"

"Nina haraka kidogo." Alifungua bahasha. "Ni habari ya lile malisho nyuma ya kikanisa. Ni mali ya halmashauri, kama mnavyojua. Tumepiga kura, hatutaongeza mkataba wenu. Patakuwa maegesho ya magari na mahali pa kupumzikia wapanda baiskeli, penye mabenchi. Mkataba unaisha Ijumaa."

Blažena alikuwa akifuta mikono kwenye aproni. Mikono ilisimama.

"Na Malina ale nini? Mabenchi?"

"Si uamuzi wangu peke yangu. Ni matakwa ya wananchi." Akatoa karatasi ya pili. "Jirani yenu Mhandisi Šimánek ndiye aliyeandika ombi, lakini waliotia sahihi ni wanakijiji. Ishirini na tatu. Harufu, nzi, kengele ya shingoni saa kumi na moja asubuhi. Watu wamesema."

"Watu gani? Hebu wataje."

"Bi Blažena, hapa pana jina lako pia."

Alois, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la dirishani, alicheka. Halafu akamwangalia mkewe, akaacha kucheka.

Mwenyekiti alisoma kidole kikiwa juu ya mstari. "Namba kumi na saba. Blažena Dolejšová. Wanne, wekundu."

Blažena alivuta karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Miwani ilikuwa ndani juu ya redio, lakini mwandiko wake aliujua hata bila miwani. Aliujua pia mwandiko wa Květa, jirani yake: *sita, weupe*. Na wa mlinzi wa bwawa: *kumi, mchanganyiko*.

Kila mwaka mwezi wa nne karatasi huwekwa kwenye kaunta ya baa, na kila anayetaka kuku wa mayai huandika jina, idadi na rangi. Kisha lori la kuku huja, husimama mbele ya kikanisa, na watu huchukua kuku wao. Mwaka huu karatasi ilikuwepo, watu walisaini, na lori halikuja. Kijiji kizima kilimtukana muuza kuku. Walisema watu wa biashara siku hizi wote matapeli. Kumbe upande wa nyuma wa ombi la Mhandisi Šimánek, wenye mistari mitupu bila kichwa cha habari, ulikaa juu ya karatasi ya kuku kwa wiki mbili nzima, na mama wa baa alimwambia kila mtu aliyeingia, "Sainini hapo, kalamu hiyo."

"Radomír," Blažena alisema polepole, "hii ni orodha ya kuku."

"Ni ombi la wananchi."

"Wanne, wekundu! Umewahi kumwona mtu anapinga ng'ombe kwa rangi?"

Mwenyekiti alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka utepe wa ushindi kwa muda wa miaka kumi na miwili, na jambo hilo humharibu mtu kuliko ubaya.

"Halmashauri haiangalii rangi, Bi Blažena. Inaangalia sahihi. Sahihi ni yako au si yako?"

"Yangu."

"Basi."

"Mama yako alikuwa hana maziwa ulipozaliwa," alisema Alois kutoka benchini. "Unajua uliyanywa ya nani? Ya bibi wa bibi yake Malina. Asubuhi na jioni, mama yako alikuja hapa na chupa."

"Nashukuru, mzee. Kweli nashukuru," alisema Mwenyekiti, na akatoka uani akikanyaga kwa vidole.

* * *

Jumatano asubuhi Květa alipita nyuma ya bustani na bakuli la udongo chini ya kwapa. Halmashauri ilikuwa imewaagiza wanawake waoke kolache, vile vikate vya mviringo vyenye jibini laini katikati, maana kamati hupenda kuonja. Na jibini laini la kolache, tangu bibi zao, halikutoka dukani. Lilitoka nyumba hii ya Blažena, limekamuliwa kwenye kitambaa usiku kucha mpaka linasimama lenyewe.

"Jirani, nipe kilo mbili. Na Jarmila anataka moja na nusu, na mke wa Mhandisi ameuliza kama ataweza kupata kidogo, yeye atakuja mwenyewe ila anaona aibu kidogo."

"Aibu ya nini?"

Květa aliweka bakuli juu ya meza. Alikuwa mwanamke mwenye uso mpana, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kusahau.

"Ulisaini, Květa," Blažena alisema. "Sita, weupe."

"Nilidhani ni kuku! Naapa mbele ya Vendelín. Mimi ng'ombe wako ananikera nini? Nikisikia ile kengele najua kumekucha."

"Basi nenda kwa Radomír ukamwambie hivyo. Ishirini na wawili mmesaini kuku pamoja nami, nendeni ishirini na wawili mkafute."

Květa alikaa. Alianza kuchokoa kitambaa cha meza.

"Tumezungumza hilo. Jana, kwenye baa. Wote tunajua ni kuku."

"Na mkasema nini?"

"Tumesema... jirani, usikasirike. Ukienda kusema ulisaini bila kusoma, unaonekana mjinga. Na kamati inakuja Jumamosi. Mtu ataonekana anamharibia Radomír sherehe yake. Mlinzi wa bwawa kasema tungoje Jumamosi ipite, halafu tutaongea vizuri."

"Mkataba unaisha Ijumaa."

"Ndiyo, nilimwambia hilo. Kasema kweli, ni bahati mbaya kidogo kuhusu tarehe."

Blažena alimtazama muda mrefu. Walikuwa wameolewa kijijini hapo mwaka uleule, walikuwa wamezikana wazazi, na miaka arobaini walikuwa wamevuna nyasi za malisho yale bega kwa bega kabla magoti ya Květa hayajakataa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijisikia kumchukia, akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Jibini hamna," alisema.

"Kilo moja tu basi."

"Hamna hata gramu. Mkaoke na la dukani."

"La dukani ni maji matupu, Blažena! Litatiririka!"

"Acha litiririke."

Květa alichukua bakuli lake akatoka analia. Jioni ile ile jibini lenyewe, kilo nne na zaidi, Blažena aliwapa nguruwe wa mpwa wake kijiji cha pili. Hakulala vizuri kwa ajili hiyo. Hakufunzwa kutupa chakula.

* * *

Nyasi zilizobaki darini zilitosha wiki moja. Walihesabu mara mbili, yeye na Alois, na mara zote mbili ilikuwa wiki moja. Kununua nyasi kwa kampuni ya mjini haikuwezekana, maana huuza kwa lori zima na lori zima ni pensheni ya miezi mitatu. Mpwa ana nguruwe, hana nafasi. Waswahili husema ng'ombe wa maskini hazai. Malina alizaa kila mwaka bila kukosa, tatizo halikuwa kwake.

Basi Alois alimpigia simu Burian, mfanyabiashara wa mifugo.

Burian alifika Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi na tela lake. Alimzunguka Malina mara moja, akampapasa kiuno, akampiga kofi la mapaja.

"Miaka tisa. Ana mimba?"

"Hana."

"Ametunzwa, siwezi kusema uongo. Elfu ishirini na mbili."

"Anakwenda wapi?" Blažena aliuliza.

"Mama yangu, nani anauliza hivyo siku hizi?"

"Mimi nauliza. Anakwenda wapi? La sivyo haondoki."

Burian alimwangalia Alois, Alois akaangalia fimbo yake. Mfanyabiashara akalainisha sauti, kama daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa.

"Kuna bwana mmoja milimani, karibu na mpaka. Ana watoto, anataka ng'ombe mmoja mpole wa nyumbani. Nyasi huko zinafika magotini. Ataishi kama bi harusi."

"Jina lake nani?"

"Jina... Novotný."

Blažena alijua kwamba huko milimani, na huku mabondeni, na kila mahali katika nchi hii, kuna akina Novotný wa kutosha kujaza uwanja wa mpira. Lakini mtu akikata tamaa hupenda kuamini. Alimvua Malina kengele, akamfunga kamba mpya, akamwongoza mwenyewe. Malina alipanda ubao bila ubishi kwa sababu aliyemshika kamba alikuwa Blažena. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote.

Saa nne wazima moto wa kujitolea walikuja na majembe wakaondoa lundo la samadi, wakaosha ua kwa mpira wa maji, wakaweka mahali pake vyungu vitatu vya maua mekundu. Kiongozi wao alimletea Blažena karatasi. Alitakiwa kusaini kwamba kazi imefanyika.

"Weka tu hapo mezani," alisema.

* * *

Kamati ilikuwa watu watano, na mkuu wao alikuwa Bi Otylie Vrbová, mama mfupi mnene aliyevaa viatu vya kazi chini ya sketi ya heshima. Walionyeshwa jiwe la waliokufa vitani, limesuguliwa hadi majina yamefifia. Walionyeshwa bwawa la wazima moto, limetolewa matope na vyura wote. Walionyeshwa malisho ambayo Jumatatu yatakuwa maegesho. Kisha wakakalishwa mbele ya kikanisa, wakaletewa kolache.

Jibini la dukani lilikuwa limefanya kama Květa alivyotabiri. Lilikuwa limechuruzika kutoka katikati, likaunguza kingo, na kilichobaki kilianguka kwenye suruali ya mwanakamati wa kwanza aliyeuma.

Bi Vrbová alitafuna kidogo kwa adabu, akainua macho kwa Mtakatifu Vendelín aliyekuwa akimetameta.

"Mmempamba vizuri," alisema. "Na ng'ombe wake pia. Fomu yenu inasema kijiji cha wakulima. Tungependa kumwona ng'ombe."

Mwenyekiti alitabasamu kwa meno yote.

"Ng'ombe. Bila shaka. Ndiye tuliyekuwa tumemweka wa mwisho."

Halafu alikimbia. Blažena alimwona kupitia dirisha, mtu mzima mwenye tai, anakimbia kwenye lami kama aliyeachwa na treni. Aliingia uani hadi ndani ya nyumba bila kuangalia anakanyaga nini. Hata hivyo hapakuwa tena na cha kukanyaga.

"Malina yuko wapi?"

"Kwa Burian. Ulitaka aondoke Ijumaa, ameondoka Ijumaa."

"Saa moja tu, Bi Blažena! Nusu saa! Nitalipa tela kwenda na kurudi, nitalipa mimi mwenyewe, mfukoni mwangu. Na malisho... malisho tutaongea upya, nakuahidi mbele ya mzee. Nipe namba ya Burian!"

Moyo wa Blažena uliruka. Hakutaka, lakini uliruka. Alikwenda kwenye kabati, akatoa kadi ya Burian, akampa. Mwenyekiti alibonyeza simu, akaiweka spika na kuishika mbele ya mdomo, ili arekebishe tai kwa mkono mwingine, kwa hiyo wote watatu walisikia.

"Burian hapa."

"Pešek, Horní Strouhy. Yule ng'ombe wa jana, mwekundu mwenye madoa, namhitaji arudi saa hii hii. Kwa nusu saa tu."

Upande wa pili ilisikika mashine ikivuma.

"Yule wa Dolejšová? Mwenyekiti, unanitania. Huyo ametundikwa kwenye ndoano tangu jana mchana."

Mwenyekiti alizima simu. Alois aliondoka kwenye benchi, akaingia chumbani, na mlango ukafungwa.

Blažena hakulia. Alisimama ameshika kingo za meza, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa kwa Burian, wala kwa Radomír. Ilikuwa kwake mwenyewe, kwa lile jina la Novotný alilolikubali.

Na hapo ndipo kamati ilipofika. Bi Vrbová alikuwa amechoka kungoja, akawaongoza wenzake kwa njia aliyokimbilia Mwenyekiti, na nusu ya kijiji nyuma yao. Aliwapita wote akaingia moja kwa moja zizini. Aligusa hori, akainusa nyasi iliyobaki, akaona kengele msumarini.

"Huyu hakuondoka zamani," alisema.

"Yuko kwa daktari wa mifugo," alisema Mwenyekiti haraka. "Kwato."

Bi Vrbová alimgeukia Blažena, aliyekuwa amemfuata. "Kweli, mama?"

Květa alikuwa mlangoni, na Jarmila, na mlinzi wa bwawa, na Mhandisi Šimánek na mkewe. Wote waliangalia chini.

"Ameondolewa jana kwa ajili yenu," Blažena alisema. "Alinuka. Sasa amekufa. Hawa wote ni majirani zangu, walisaini, na mimi nilisaini. Maua yale pale ni mahali pa samadi yake. Kama kamati inataka kuona kijiji cha wakulima, hiki ndicho, hori hili, lioneni vizuri."

Mwanakamati mwenye jibini kwenye suruali aliandika kitu kwenye daftari lake. Bi Vrbová alimshika Blažena mkono, akautikisa mara moja kwa nguvu, akatoka. Alikuwa mwanamke mwema, na mbele yake alikuwa na vijiji vingine kumi na vinne vya kutembelea.

* * *

Horní Strouhy kilipata nafasi ya tatu. Utepe uliandikwa: *Kwa kuzungumzia kwa uwazi urithi wa ufugaji.* Pamoja na utepe ilikuja zawadi ya fedha, na halmashauri ilinunua ng'ombe wa plastiki, ukubwa wa kweli, mwekundu mwenye madoa, akawekwa kando ya maegesho. Watoto wa wapanda baiskeli humpanda. Ana kibao chenye maelezo ya jinsi maziwa yalivyokuwa yakikamuliwa zamani. Blažena alialikwa kuja kukata kamba siku ya uzinduzi, akasema ana nguo za kufua.

Mwisho wa mwezi wa nane kipaza sauti kilikohoa, kikapiga tarumbeta.

"Wananchi wapendwa, halmashauri imefuatilia ile hitilafu ya masika. Lori la kuku liko mbele ya kikanisa. Waliojiandikisha waje na vikapu."

Alois alimtazama mkewe. "Nenda," alisema. "Tusije tukaambiwa tumesusia hata kuku."

Foleni ilikuwa ndefu, watu ishirini na zaidi, kila mmoja na kikapu chake, na walipomwona Blažena walijisogeza pembeni wakamwacha apite mbele. Ndiyo heshima waliyoiweza. Alipita. Kijana wa lori alikuwa na karatasi kwenye ubao, ambayo Mwenyekiti alimpa asubuhi ile, maana nyingine haikuwepo.

"Dolejšová. Wanne, wekundu. Sahihi yako hii, bibi?"

"Yangu."

"Tia nyingine pembeni kwamba umepokea."

Blažena alitoa miwani mfukoni mwa aproni, akaifuta, akaivaa. Akaichukua karatasi ubaoni, akaigeuza. Upande wa pili palikuwa pamepigwa chapa vizuri, na hakuwahi kupasoma.

"Sisi tuliotia sahihi," alisoma, kwa sauti, taratibu, kama mtoto anavyosomeshwa shuleni, "wakazi wa Horní Strouhy, tunaopenda kijiji chetu, tunaomba mnyama aondolewe."

Kuku walikuwa wakigombana vizimbani. Květa alikuwa ameweka kikapu mbele ya tumbo kama anayejikinga.

Blažena alisoma mpaka mwisho, mpaka tarehe. Kisha akaigeuza karatasi, akasaini pembeni pa jina lake, akavua miwani.

"Nipe wanne," alimwambia kijana. "Wekundu."